Jina Lililokwisha Kuwa na Mwenyewe

Mtu atakaye kununua shamba Diani au Msambweni hatoi fedha zake kabla ya kuuliza. Huuliza ni nani aliyelima hapo kwanza, minazi ile ilipandwa na nani, mpaka unapita mbele ya mbuyu au nyuma yake, na kama pana kaburi ambalo jamaa za marehemu wangali wakija kulizuru. Muuzaji aweza kuwa na hati safi mkononi, na bado mnunuzi mwenye busara akaenda kuketi na wazee wa mahali pale. Hati humwambia shamba ni la nani leo; wazee humwambia lilikuwa la nani jana; na katika pwani hii ni hiyo jana, zaidi ya leo, iliyowafikisha watu wengi mbele ya hakimu.

Kuna kiwanja cha namna nyingine, msomaji, kisichoota mnazi wala kuchimbwa kaburi, nacho pia kina jana yake. Kiwanja hicho ni jina: lile jina ambalo kwalo tovuti hujulikana katika intaneti, na ambalo mabingwa wa kazi hiyo huliita jina la kikoa. Hoteli huwa na lake, shule lake, hospitali lake, na hata mvuvi apelekaye wageni kutazama pomboo huko Wasini aweza kuwa na lake. Majina haya hukodishwa kwa mwaka, huachwa, huokotwa na mtu mwingine, na huuzwa tena. Nataka kukueleza yale yanayompata mtu anunuapo jina ambalo mwingine alikwisha kulitumia, na jinsi mitambo ya kutafutia habari, ambayo Google ndiyo mkubwa wake, inavyoyaweka moyoni matendo ya mwenyewe wa kwanza.

Jambo hili si geni kwa watu wa Kwale kama linavyoonekana kwa mara ya kwanza. Wadigo, kama Wamijikenda wenzao, humpa mtoto jina la babu yake. Mtoto aliyerithi jina la mzee mkarimu hupokewa kwa furaha katika nyumba ambazo hajapata kuingia. Na yule aliyerithi jina la mzee aliyekopa asilipe huangaliwa kwa jicho la pembeni kabla hajatenda neno lolote. Mahali nako ni vivyo hivyo. Shimoni huitwa hivyo kwa sababu ya pango lake, na mgeni afikaye huko hawezi kukaa siku moja pasipo kuelezwa habari za watumwa wanaosemekana kufungwa mle. Huko Diani, karibu na mlango wa mto Mwachema, husimama Msikiti wa Kongo, uliojengwa karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza. Hoteli zimekuja, zimebadili majina na nyingine zimefungwa, nao ungali ukiitwa kama ulivyoitwa. Wahenga walisema kwamba jina jema hung'aa gizani. Juu ya jina baya walisema machache, labda kwa kuwa hilo huonekana hata mchana.

Na tuanze mwanzo. Kompyuta zilipounganishwa kwa mara ya kwanza zilijuana kwa tarakimu, kama nyumba zinavyojulikana kwa namba za posta. Tarakimu hazikai katika kichwa cha mwanadamu. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akifanya kazi pamoja na Jon Postel katika California, alibuni utaratibu wa kuzipa tarakimu hizo majina, na majina kuandikwa katika madaftari yaliyogawanywa duniani, kila daftari likiwa na mwangalizi wake. Jina la kwanza kuandikishwa kati ya yale yaishiayo kwa .com lilikuwa symbolics.com, tarehe 15 Machi 1985, mali ya kampuni ya Marekani iliyotengeneza kompyuta. Kampuni hiyo ilififia, na mwaka 2009 jina lake likauzwa kwa mwekezaji. Ndiyo kusema hata hilo jina kongwe kuliko ndugu zake wote limekwisha kupita mkono mmoja na kuingia mkono mwingine.

Kila nchi ilipewa mkia wake wa jina. Kenya ilipata .ke mwaka 1993, na mwaka 2002 likaundwa shirika la KENIC kuuangalia mkia huo, makampuni yakiandikwa chini ya .co.ke, vyuo vikuu chini ya .ac.ke, na idara za serikali chini ya .go.ke. Siku hizo tovuti ya hoteli ya Diani ilikuwa pambo zaidi ya chombo cha kazi, kwa maana wageni wengi walikuja kwa ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi, Italia na Uingereza, wakiwa wamechaguliwa hoteli na wakala wa safari katika mji wao. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, na simu za mkononi zikaanza kufanya kazi ya kompyuta, mambo yalibadilika. Mgeni alianza kujitafutia mwenyewe. Aliandika maneno mawili matatu, akatazama majina yaliyotokea juu, na yale yaliyotokea chini hakuyatazama kabisa.

Hapa ndipo penye kiini, nami nakuomba uwe na subira.

Mtambo wa kutafutia habari hupangaje nani awe juu na nani awe chini? Mitambo ya kwanza ilihesabu maneno. Ukurasa uliotaja Diani mara hamsini ulihesabiwa kuwa na habari za Diani kuliko ukurasa uliotaja mara tano, na wajanja hawakukawia kuandika neno moja mara elfu. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walitoa njia nyingine waliyoiita PageRank, na mwaka huo huo wakaunda kampuni ya Google. Walisema ukurasa usipimwe kwa maneno yake wenyewe tu, bali kwa kurasa nyingine zinazoutaja na kumwelekeza msomaji kwake. Alama hiyo ya kuelekeza huitwa kiungo. Kila kiungo ni kama ushuhuda, na ushuhuda wa mtu aheshimiwaye una uzito kuliko wa mpita njia.

Njia hii ndiyo ile ile itumikayo kijijini. Mgeni ashukaye Ukunda akitafuta fundi wa mashua hatamwamini fundi ajisifuye mwenyewe. Atauliza watu. Akiwa watu kumi wamemtaja fundi mmoja, na miongoni mwao yumo nahodha mzee ambaye kila mtu humheshimu, basi swali limekwisha. Kwa hiyo gazeti la Berlin linapoandika habari za hoteli ya Diani na kuweka kiungo cha kuielekea, hoteli imepata shahidi mzito. Chuo kikuu kinapoweka kiungo cha kuelekea kikundi kinachohifadhi mikoko ya Gazi, kikundi kimepata shahidi mwingine. Mashahidi hukusanyika mwaka baada ya mwaka, pole pole, na aghalabu hawalipwi.

Lakini angalia jambo moja. Kiungo hakimwelekei mtu wala jengo, hukielekea jina. Gazeti la Berlin halijui kama hoteli ingali wazi. Liliandika jina siku ile, na jina limebaki katika ukurasa wake hata leo. Hoteli ikifa, mashahidi wake hawafi nayo. Huendelea kunyosha kidole kuelekea mahali ambapo hapana kitu.

Na majina hufa. Hadi mwaka 1995 majina ya .com yalitolewa bure. Mwaka huo ikaanzishwa ada ya dola 50 kwa mwaka, ambayo baadaye ilipungua sana, lakini kanuni ilibaki kuwa jina hukodishwa, halinunuliwi moja kwa moja. Asiyelipa hunyang'anywa. Jina la .com ambalo muda wake umekwisha laweza kukaa kwa msajili hadi siku 45, kisha siku 30 nyingine ambazo mwenyewe aweza kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu hutupwa nje, na mtu yeyote duniani aweza kulichukua.

Watu wa pwani waliionja kanuni ya namna hii zamani, ijapokuwa katika jambo zito zaidi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani wayapeleke kwa msajili. Na ardhi isiyodaiwa mbele yake ilihesabiwa kuwa ya serikali ya mfalme wa Uingereza. Wengi hawakupata habari, au waliipata wasiielewe, na mtu aliyezaliwa chini ya mwembe wa babu yake akajikuta mgeni katika kivuli chake. Silinganishi hasara hizo mbili, maana aliyepoteza jina la tovuti hakupoteza chakula cha watoto wake. Nasema tu kwamba daftari halijui kitu isipokuwa lililoandikwa ndani yake.

Pwani ya kusini imekuwa na vipindi vingi vya kufunga milango. Fujo za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza wageni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifanya vivyo hivyo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege duniani kote. Katika siku kama hizo mwenye nyumba ya wageni hufikiri mishahara, umeme na maji. Ada ya jina haimo katika fikira zake. Tena kuna miradi. Msambweni, Kinango na Ukunda zimepata kuona wafadhili wengi wa visima, wa zahanati, wa madarasa, ambao kila mmoja alikuja na jina na picha za watoto wakitabasamu. Mradi hudumu miaka mitatu au mitano, kisha fedha huisha. Kisima hubaki, au pampu huvunjika. Na jina la mradi, ambalo hospitali na vyuo vya ng'ambo viliweka viungo kuelekea kwake, hubaki bila mwenyewe.

Hapo huingia mfanyabiashara ambaye hajapata kuiona Msambweni, wala hatauona mchanga wake. Hutazama orodha ya majina yatakayotupwa nje kila siku, na huchagua yale yenye mashahidi wengi. Hana haja na kisima. Haja yake ni wale mashahidi. Hulichukua jina, na ndani yake huweka matangazo ya kamari, au dawa za kunenepesha na kukondesha, au makala elfu yaliyoandikwa na mashine, akitumaini kwamba mtambo wa kutafutia utaendelea kuliheshimu jina kwa ajili ya wema wa marehemu. Kama nduli avaaye kanzu ya imamu aliyekufa, akaingia nayo sokoni kukopa.

Usidhani kwamba natunga. Mwaka 2024 gazeti la Wired la Marekani lilieleza habari za mtu mmoja wa Serbia aliyekuwa ameyakusanya majina ya namna hii kwa wingi. Miongoni mwao lilikuwamo The Hairpin, gazeti la intaneti lililoandikwa hasa na wanawake tangu 2010, ambalo lilifungwa mwaka 2018. Msomaji aliyelifungua tena alikuta makala yaliyotungwa na mashine, na baadhi ya makala ya zamani yakiwa yamewekewa majina ya waandishi ambao hawakuyaandika. Alikuwa nalo pia jina la tovuti ambayo Vatikani iliifungua mwaka 2009 kwa ajili ya vijana. Ikiwa jina la Baba Mtakatifu laweza kuokotwa njiani, la kisima cha Kinango litalindwa na nani?

Wakubwa wa Google waliijua hila hii mapema. Mwishoni mwa mwaka 2003 walipeleka ombi la hataza, likachapishwa mwaka 2005 na kukubaliwa mwaka 2008, juu ya kuzipima kurasa kwa historia yake. Ndani yake wanasema kwamba mada za ukurasa zikibadilika ghafula, yawezekana ukurasa umepata mwenyewe mpya, na hapo sifa zake za zamani hazistahili kuaminiwa tena. Wanasema pia kwamba majina ya halali mara nyingi hulipiwa ada ya miaka kadhaa mbele, ilhali majina ya ulaghai ni nadra kutumika zaidi ya mwaka. Hataza si ushahidi kwamba mtambo hufanya hayo yote. Kampuni huandikisha mawazo mengi na kuyatumia machache. Lakini inatuonyesha kwamba watu hawa walikuwa wakifikiri kama wazee wa kijiji: usimtazame mtu tu, tazama na alikotoka.

Kutoka hapo lilizaliwa kosa ambalo ningependa ulikwepe. Watu walianza kusema kwamba jina kuukuu ni bora kuliko jipya kwa sababu ya umri wake tu, na wauzaji wa majina wakaongeza bei. Watumishi wa Google wamelikanusha jambo hilo waziwazi. Umri mtupu hauna thamani. Mzee mwenye hekima huheshimiwa kwa hekima aliyoikusanya katika miaka yake, wala si kwa hesabu ya miaka. Na wazee wapumbavu wapo. Kinachofaa katika jina la kale ni mashahidi wake, ikiwa ni wa kweli, na ikiwa mwenyewe mpya anaendelea na kazi ile ile waliyoishuhudia.

Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilitoa rekebisho lililopewa jina la Penguin, lililowashusha wenye viungo vya kununuliwa na vya hila. Mashahidi wa uongo, waliokuwa mtaji, wakageuka mzigo. Oktoba mwaka huo huo kikatolewa chombo cha kuwakana: mwenye tovuti aliweza kupeleka orodha ya viungo na kusema, mashahidi hawa siwajui, wasihesabiwe kwangu. Na tarehe 5 Machi 2024 Google ilitangaza kanuni mpya, mojawapo ikikataza kulinunua jina lililotupwa kwa kusudi la kuwalaghai wasomaji kwa sifa zake za zamani. Mifano waliyoitoa ni ya kukumbukwa: michezo ya kamari katika jina lililokuwa la shule ya msingi, na dawa za biashara katika jina lililokuwa la shirika la hisani la matibabu. Hawakukataza kununua jina la zamani kwa kazi mpya ya haki. Walikataza kuivaa ile kanzu.

Mpaka sasa nimemsema mnunuzi mwovu. Sasa nataka umfikirie mnunuzi asiye na hatia, kwa kuwa huyo ndiye aweza kuwa wewe.

Tutunge mfano. Vijana sita wa Gazi wataka kuongoza wageni katika mikoko na katika njia za chini ya miamba wakati wa kupwa kwa maji. Watafuta jina la tovuti, na waona kwamba lile walipendalo, fupi na tamu, li tupu. Wafurahi, walipe, waweke picha zao na bei zao. Mwezi wapita, miezi mitatu yapita. Mtu akiandika maneno ya kazi yao katika mtambo, wao hawaonekani, hata katika ukurasa wa tano, ilhali jirani yao mwenye picha mbovu aonekana. Barua-pepe wazipelekazo kwa mawakala wa safari Nairobi hazijibiwi, kwa sababu zimeanguka katika pipa la takataka kabla hazijasomwa. Vijana waanza kushukiana wao kwa wao. Mmoja asema picha ni mbaya, mwingine asema Kiingereza chao kina makosa. Kumbe lile jina tupu halikuwa tupu. Mtu wa mbali alilitumia miaka miwili kuuzia dawa za magendo, akapeleka barua laki kwa laki, akaadhibiwa, akalitupa. Adhabu ilibaki mlangoni.

Maana adhabu ya Google yaweza kulifuata jina na si mtu. Mkaguzi wa kampuni alipoitia alama tovuti kwa udanganyifu, alama haiondoki kwa kuwa daftari limebadilika mwenyewe. Vivyo hivyo orodha za wale wanaozuia barua-pepe za uchafu, kama ile ya Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, huandika jina. Na jina huweza kukaa humo hata mkosaji akiwa amekwisha kuhamia jingine. Wako na wasomaji wa kawaida, ambao hawana orodha yoyote, lakini wanakumbuka kwamba siku moja walilifungua jina hilo wakaona mambo ya aibu.

Vijana wetu hawakufungiwa mlango kabisa. Mwenyewe mpya aweza kuthibitisha kwa Google kwamba tovuti ni yake, akaiona adhabu kama ipo, akasafisha, akawakana mashahidi waovu, na kuandika ombi la kufikiriwa upya akieleza kwamba amelichukua jina hivi karibuni. Maombi hayo husomwa, na yapo yanayokubaliwa. Lakini pale ambapo hapana adhabu iliyoandikwa, ila mtambo wenyewe umepoteza imani pole pole, hapana ofisi ya kupelekea ombi. Hapo dawa ni kazi njema na wakati. Na vijana wenye mashua ya mkopo hawana wakati.

Je, ni haki? Nimelifikiri swali hili, nami naona kwamba mtambo hauna njia bora sana. Kama ungesamehe kila jina libadilishapo mwenyewe, kila mlaghai angejiuzia jina lake mwenyewe kila mwezi. Kwa upande mwingine, kumbukumbu isiyosahau humdhulumu mtu mnyonge kuliko mwenye nguvu, kwa kuwa mwenye nguvu hulitupa jina na kununua jingine, ilhali mnyonge alitumia fedha zote kwa lile moja.

Diani yenyewe iliwahi kuonja uchungu wa kuhukumiwa kwa jina la pembeni. Mei 2014, baada ya mashambulio kadhaa nchini, serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa pasipo lazima, wala katika ukanda wa kilomita 5 kutoka ufukoni, tangu mlango wa Mtwapa upande wa kaskazini hadi Tiwi upande wa kusini. Diani haikutajwa katika mpaka huo. Iliachwa nje kwa maneno yaliyo wazi. Hata hivyo makampuni ya safari yaliwachukua wageni wao yakawarudisha kwao, na hoteli za Diani zikabaki na vitanda vitupu pamoja na zile za Mombasa. Ramani ilisema hivi, watu walisikia vile. Aliyeko Manchester hakupima umbali kutoka Tiwi hadi Diani. Alisikia pwani ya Kenya, basi.

Mikia ya majina nayo hupatwa na jambo hilo. Kwa miaka mingi kampuni moja iitwayo Freenom iligawa bure majina ya nchi tano, zikiwamo Gabon yenye .ga, Mali yenye .ml na Jamhuri ya Afrika ya Kati yenye .cf. Kitu cha bure kilipendwa na walaghai kuliko watu wengine, hata mikia hiyo ikawa alama ya hatari, na mfanyabiashara mwema wa Libreville akatiliwa shaka kwa kosa la kutumia jina la nchi yake. Mwaka 2023 Gabon iliuchukua tena mkia wake na kuyafuta majina kwa mamilioni. Mkia wa .ke haukugawanywa kwa namna hiyo, na nadhani Wakenya wachache hujua kwamba hiyo ni bahati.

Basi wale wazee wa kuulizwa kabla ya kununua wako wapi? Wapo. Mwaka 1996 Brewster Kahle alianzisha huko San Francisco maktaba iitwayo Internet Archive, ambayo hupiga picha za kurasa za dunia na kuzihifadhi. Na tangu mwaka 2001 kila mtu aweza kuzitazama bure kwa chombo kiitwacho Wayback Machine. Unaandika jina, na mbele yako hutokea kalenda ya miaka. Unabonyeza siku, nawe unaona ukurasa kama ulivyokuwa siku ile. Mwaka mmoja utaona hoteli yenye paa la makuti na bei kwa marka za Kijerumani. Miaka minne mbele utaona tangazo kwamba jina linauzwa. Kisha maandishi ya lugha usiyoijua, na meza ya kamari. Kisha pengo la miaka miwili. Kisha tupu, likikungoja wewe.

Vijana wa Gazi wangehitaji dakika kumi. Baada ya picha hizo wangetazama orodha za wazuiao barua-pepe, wangeliandika jina lenyewe katika Google kuona kama kuna ukurasa wake wowote unaotokea, na wangetazama ni nani wanaoweka viungo kuelekea kwake: kama ni magazeti ya safari na vyuo, au ni maduka ya dawa ya mahali pasipojulikana. Na kama jina lilikuwa la watu wema, la zahanati au la shule iliyofungwa, lingewabakia swali moja ambalo hapana mtambo uwezao kuwajibia, nalo ni kama wale walioliandika jina lile katika kurasa zao wangekubali kuwashuhudia wao pia. Hilo huulizwa kwa barua. Wako wanaojibu, na wako wanaokiondoa kiungo siku ile ile.